Mwombaji kazi siyo ombaomba: mwongozo wa kuajiri watu kistaarabu ukiwa na biashara yako Tanga

Rafiki yangu mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Mwezi uliopita alitafuta vijana wawili, mmoja wa kaunta na mmoja wa stoo, akabandika karatasi mlangoni na kutupia kwenye magrupu ya WhatsApp: "Nafasi za kazi, fika na vyeti Jumatatu". Jumatatu saa moja asubuhi watu kama 60 washajaa barazani. Yeye kaja saa nne, kapita katikati yao hata salamu hakutoa, kajifungia ndani, saa sita na nusu ndo anatoka anasema acheni CV zenu tutawapigia. Hakumpigia mtu. Kazi zote mbili alishawapa watoto wa shemeji yake tangu Ijumaa, ile Jumatatu ilikuwa kiini macho tu.

Sasa juzi ananiuliza mbona fundi fulani siku hizi hapiti tena dukani kwake, na yule fundi alikuwa akichukua saruji kwake kila wiki. Nikamwambia bwana we, katika wale 60 mmoja alikuwa bintiye.

Mi mwenyewe nimekaa pande zote mbili. Sasa hivi nasimamia lodge na mgahawa huku Raskazone na nishaajiri wahudumu, wapishi, walinzi, keshia, na marafiki huniita niwasaidie kuchagua watu. Ila kabla ya hapo nilikuwa natoka Muheza alfajiri, kilometa 30 na ushee, na shati nimelikunja kwenye mfuko lisichafuke kwenye gari, nafika ofisi moja hapa mjini nakaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa tisa, kisha katibu muhtasi ananiambia bosi kasafiri. Kasafiri lini? Jana. Yaani jana anajua, na namba yangu ipo kwenye barua.

Nadhani lugha yenyewe inatuponza. Tunasema "kuomba kazi", basi anayeomba tunamweka fungu moja na yule anayenyoosha mkono nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Wakati mwenye shida ni wewe! Mgahawa hauna mpishi, we ndo unaungua. Kwahiyo nimeandika hapa ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, na kila hatua nalinda vitu vitatu vya mwenzangu: nauli yake, muda wake na jina lake.

HATUA YA 1: Hakikisha kazi ipo kweli

Kama ushampa mtoto wa mjomba, mpe, biashara ni yako, hakuna atakayekushika shati kwa kumsaidia ndugu. Ila usitangaze. Kuwaita watu 60 waje kusindikiza uamuzi ulioufanya sebuleni kwako ni kuwala nauli zao.

Na kama bado hujaamua, kaa chini na karatasi uandike mtu huyu atafanya nini kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, atalipwa shilingi ngapi, anaanza lini, na nani mwenye neno la mwisho la kusema huyu ndiye. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Nilishasaidia kwenye duka la mume na mke, mume kachagua kijana, kijana kaambiwa aje kesho, kesho kaja kamkuta mke ana mtu wake mwingine keshavaa aproni. Aibu ile sikuijua niiweke wapi.

HATUA YA 2: Andika tangazo la mtu mzima

Tangazo la "fika na vyeti" halimwambii mtu kitu, ndo maana wanakuja wote, wenye sifa na wasio nazo. Ukitaja kazi, mahali, saa na mshahara, nusu ya watu wanajichuja wenyewe nyumbani bila kupoteza hata mia. Mimi tangazo langu linakaa hivi:

"Anahitajika mhudumu wa mgahawa 1, Raskazone, Tanga. Kazi: kupokea wageni, kuandika oda, kupanga meza. Saa 1 asubuhi mpaka saa 8 mchana, siku 6 kwa wiki, siku ya mapumziko ya zamu. Mshahara (kiasi) kwa mwezi na chakula cha mchana. Uzoefu si lazima, tutakufundisha. Tuma jina, unapokaa na kazi ulizofanya kwa meseji au WhatsApp kabla ya tarehe 12. Tarehe 15 kila mtu atajibiwa, aliyepata na aliyekosa. Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi hii."

Wenye biashara wengi wanaogopa kuandika mshahara. Wanaandika "maelewano". Maelewano gani wakati kichwani ushapanga kiasi? Mtu anatoka Pongwe, anatoka Mabawa, anakaa kwenye foleni, anajieleza, halafu mwisho anaambiwa hela ambayo hata bajaji ya kwenda na kurudi haitoshi. Andika. Kama una nafasi ya kupanda kidogo, andika kutoka hapa mpaka hapa.

Maneno mengine yafute kabisa. "Binti mrembo mwenye umri usiozidi miaka 25", "asiwe na mtoto", "wa dini fulani", haya bado nayaona mjini mpaka leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 7, imekataza ubaguzi kazini na inamhesabu pia anayeomba kazi, siyo aliyekwisha ajiriwa peke yake. Ndani yake yametajwa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengineyo. Kwahiyo kumuuliza dada "umeolewa? unategemea kuzaa lini?" siyo ukosefu wa adabu tu. Na wenye watu 20 na kuendelea mkumbuke sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inataka angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenu wawe watu wenye ulemavu, sasa mkiweka usaili ghorofa ya pili pasipo na lifti mtawapata wapi.

HATUA YA 3: Usimtoe hela mtu anayetafuta hela

Hakuna hela ya fomu, hakuna hela ya "usajili", hakuna hela ya sare kabla hajaanza kazi. Na kuna gharama ambazo hata hatuzioni kama gharama: unamtaka mtu alete barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti 4, vyeti vilivyogongwa muhuri na wakili, kopi ya kitambulisho cha NIDA, vyote hivo vya nini wakati hata hujaongea naye? Kila karatasi ina bei yake stesheneri. Mwanzo mimi nataka meseji tu. Atakayepata kazi ndo ataleta karatasi.

Rushwa ya ngono siizungushii maneno. Kama una meneja anayewaambia mabinti "tuonane jioni tuongee vizuri", hilo ni kosa la jinai kwa sheria ya TAKUKURU ya 2007, kifungu cha 25, na mtu anaweza kupiga 113 bure. Mimi usaili haufanywi jioni, haufanywi chumbani wala haufanywi na mtu mmoja, na kwenye lodge ndo kabisa, tunakaa pale mgahawani watu wanatuona.

HATUA YA 4: Waite wachache, waite vizuri

Ukipata meseji 40 usiite 40. Soma, chagua 5 au 6, wengine wajibu mapema (maneno ya kuwajibu yako hatua ya 8). Halafu kila mtu mpe saa yake. Huyu saa tatu, huyu saa tatu na nusu, huyu saa nne. Habari ya kuwaita wote saa mbili asubuhi halafu wa mwisho anaingia saa nane, hiyo ndo ilinikalisha mimi kwenye benchi.

Sasa hapa kwenye saa kuna mtego. Nilishaandika meseji kwa haraka, "njoo kesho 10:00", mi nikimaanisha saa nne asubuhi. Yule dada kaja saa kumi jioni, kapendeza, kashika bahasha, na sisi tushafunga daftari. Kosa la nani? Langu. Siku hizi naandika kwa maneno, "kesho Jumatano, saa nne kamili asubuhi", na tarehe yake.

Meseji yangu ya kumwita mtu ina mambo haya: mimi ni nani, kazi ipi, siku na saa, mahali kwa alama anayoijua dereva wa bajaji, atakaa muda gani, ataonana na nani, aje na nini, na namba ya kupiga akikwama. Pia namuuliza kama saa hiyo inamfaa. Pengine yuko kazini kwa mtu mwingine na hawezi kutoroka, nami nampangia Jumapili.

Tanga ni mji wa watu wa dini, kwahiyo angalia kalenda. Ijumaa usiweke usaili saa saba mchana. Ramadhani weka asubuhi, usimwite mtu aliyefunga saa tisa na jua hili la pwani halafu umtake achangamke. Msabato usimwite Jumamosi halafu useme hayuko makini na kazi.

Nauli: anayetoka mbali, Korogwe au Pangani au Lushoto, mwambie kabla kama utamrudishia nauli au hutamrudishia. Kama huwezi, mhoji kwanza kwa simu dakika 15, safari ije baadaye ukishaona ana dalili nzuri. Na simu piga wewe, usimbipu mwenye shida.

HATUA YA 5: Siku yenyewe

Mwambie mlinzi. Hili limenishinda kuelewa kwanini watu wanalisahau, manake mtu anafika getini, mlinzi anamuuliza "unataka nini?" kwa sauti ya kumfukuza mwizi, na heshima yote uliyoiandika kwenye meseji inaishia pale getini. Mlinzi wangu anakuwa na orodha ya majina, anasema karibu dada fulani, kaa hapa. Kiti kiwe kivulini, maji ya kunywa yawepo, choo aonyeshwe.

Salamu. We ukiwa na miaka 30 na aliyekuja kuomba kazi ana 57, nani anamwamkia mwenzie? Nimeona vijana wameketi kwenye kiti cha kuzunguka wanasubiri waamkiwe na baba zao kisa wao ni mabosi. Shikamoo unaitoa wewe. Tulipotafuta mtu wa stoo alikuja mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge, mwaka ule wa 1988 timu yetu ya mpira Coastal Union inachukua ubingwa yeye alishakuwa mtu wa mshahara. Nikasimama, shikamoo mzee, karibu ukae. Akatulia, na mtu akitulia ndo unamwona alivyo. Alitueleza namna ya kupanga stoo ili mzigo wa zamani utoke kwanza, jambo ambalo vijana watatu kabla yake hawakuligusa. Tulimchukua.

Na kuamkia hakukuzuii kuuliza maswali magumu. Unamwita mzee au mama au kaka na bado unamuuliza "ilipopotea mali stoo ulifanya nini?"

Maswali ni yaleyale kwa kila mtu, nayaandika kwenye daftari kabla, kama 6 hivi, na yote yahusu kazi. Mhudumu namuuliza: mgeni kakwambia samaki wake hajaiva na we unaona ameiva, unafanyaje? Keshia: mwisho wa siku hela imepungua elfu kumi, unaanzia wapi? Siulizi "jielezee kuhusu wewe mwenyewe", hilo swali watu wanalikariri kama shairi. Siulizi kabila kwa mlango wa nyuma, zile za "kwani we mtu wa wapi, jina hili la wapi hili". Utani wa Wadigo na Wasambaa na Wabondei tunauweza sana hapa mjini lakini mezani kwenye usaili mtu hawezi kukujibu utani, atacheka tu kwa kuogopa, na utani wa upande mmoja siyo utani.

Simu zima. Usiombe chai ukanywa peke yako mbele yake. Usimcheke Kiingereza. Kama kazi haihitaji Kiingereza mhoji kwa Kiswahili, na kama inahitaji (sisi tunapokea wageni) mwambie mapema kwamba dakika tano tutaongea Kiingereza ili ajiandae moyo.

Mwisho mpe nafasi naye aulize. Akiuliza likizo na siku ya mshahara usimwone mjeuri. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, akikuuliza unazo ngapi mjibu bila kukunja uso.

HATUA YA 6: Kazi ya majaribio lazima ilipwe

Mpishi huwezi kumjua kwa maneno, lazima apike. Sawa, apike sahani mbili, mkae muonje, saa moja imekwisha. Lakini ile ya "njoo ufanye wiki moja tukuone" bila hela, halafu wiki inaisha anaambiwa hujafaa, anakuja mwingine naye wiki moja, kuna sehemu zinajiendesha hivo mwaka mzima kwa jasho la waombaji, na wanajijua. Mimi jaribio likizidi nusu siku nalipa ya siku nzima na chakula juu, na namwambia kabla hajavaa aproni.

HATUA YA 7: Kuulizia habari zake

Muombe ruhusa kwanza. Usimpigie bosi wake wa sasa bila yeye kujua, utamfukuzisha kazi kabla hujampa yako. Na maneno ya barazani kwenye kahawa, eti yule kaka ana mkono mrefu, yule dada hatulii, usiyafanye ushahidi. Ukisikia kitu kizito muulize mwenyewe ana kwa ana, mpe nafasi ajitetee.

HATUA YA 8: Jibu kila mtu

Hapa ndo wengi wetu tunafeli na ndo panapouma zaidi. "Tutakupigia" ya Kitanzania kila mtu anaijua maana yake, lakini bado mtu anaiamini. Anakaa na simu mkononi, hataki kwenda shambani sehemu isiyo na mtandao, anakopa vocha, kibarua cha wiki mbili anakikataa asije akakosa simu yako. Kunyamaza kwako kunamla siku zake.

Tunanyamaza kwa sababu tunaona haya, Mswahili hapendi kumwambia mwenzie hapana usoni. Naelewa. Ila meseji ipo, tena meseji haioni sura. Kwa ambaye hukumwita kwenye usaili:

"Habari dada (jina). Asante kwa kuomba kazi ya uhudumu kwetu. Tumepata maombi mengi na safari hii hatutaendelea na la kwako. Tunakutakia kheri. (Jina langu, mgahawa)."

Kwa ambaye alikuja mkaongea, piga simu. Dakika mbili. Mi husema hivi: "Kaka, nimekupigia kuhusu ile kazi. Tumemchukua mtu mwingine, amekuzidi kwenye uzoefu wa mashine ya kaunta. Ulivyojibu swali la mgeni mlevi lilitupendeza. Asante kwa muda wako." Hapo nimemwambia hapana iliyonyooka, nimempa sababu moja ya kweli na jambo moja alilofanya vizuri, basi. Usimwambie "labda baadaye" kama hakuna baadaye. Wala usimpe sababu ya uongo, Tanga hii ndogo, keshokutwa atakutana na uliyemchukua kwenye daladala ya Kange na watalinganisha.

Mara nyingine mtu anakasirika, anakata simu. Mwache, ana haki yake. Mmoja alinikatia, miezi minne baadaye akanipigia mwenyewe kuniambia kapata kazi bandarini na kuniuliza kama bado natafuta mlinzi, ana ndugu yake.

Subiri tu uliyemchagua akubali kwanza kabla hujawajibu wa pili na wa tatu. Ila wape tarehe, na tarehe ikifika hujaamua, tuma meseji useme bado, nipe mpaka Ijumaa.

HATUA YA 9: Uliyempata

Mwambie kwa maandishi: kazi, mshahara, saa, muda wa majaribio, siku ya kuanza. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza. Mpe karatasi akalale nayo, asisaini akiwa amesimama kaunta. Mshahara ni uleule wa kwenye tangazo, usipunguze elfu thelathini ukijua keshaaga alikokuwa.

HATUA YA 10: Karatasi zao

Vyeti halisi usishike. Kuna wanaoviweka kabatini "mpaka amalize mkataba", huko ni kumfunga mtu kamba. Tazama, piga kopi, rudisha hapohapo.

Na za waliokosa je? Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, iliyopitishwa 2022, na CV ni taarifa binafsi tupu: jina, simu, kuzaliwa, shule, wadhamini na namba zao. Mimi nazichana mwenyewe vipande vidogo au nazichoma uani, na za kwenye simu nafuta. Nilianza kufanya hivo baada ya siku moja kununua bagia jioni Barabara ya 9, nafungua kile kikaratasi nikute kimeandikwa kwa mkono mzuri kabisa, wa mtu aliyefuta na kuandika upya, "Yah: Maombi ya nafasi ya kazi ya ukarani", jina kamili, namba ya simu, na doa la mafuta limekaa juu ya "nitashukuru sana endapo ombi langu".